Kulanti ya pinki ya Toyota: bei imechangamka ila mi sibadilishi

Naongelea ile Toyota Super Long Life Coolant, ya pinki, yaani kimiminika cha kupoza injini kinachowekwa kwenye rejeta, natumia kwenye Toyota IST yenye injini ya 1NZ. Ukilinganisha na zile za kijani zinazopangwa nje kwenye maduka ya spea bei yake imechangamka kweli, ila raha yake imeshachanganywa tayari na maji nusu kwa nusu, unafungua unamimina basi, hakuna mambo ya fundi kuokota kopo akachote maji bombani, na Dar wengine bomba lenyewe ni kisima cha chumvi, endelea kujazia hayo halafu siku ufungue rejeta uone uji wa kahawia uliomo.

Wameandika haigandi mpaka kwenye nyuzi -37, sijui ya nani hiyo maana hata Makete kwenye baridi kali mwezi wa saba haifiki huko. Sisi tunanunua kuzuia kutu na kuchelewa kuchemka.

Rangi sasa. Usiende dukani ukasema "nipe ya pinki", kila kampuni inapaka rangi inayotaka, soma lebo. Na ile nyekundu ya Toyota ni kitu kingine, nyingi zinakuja nzito zinataka uchanganye na maji safi yaliyochujwa (wengi tunatumia maji ya betri, yale YASIYO na asidi jamani, angalia chupa mara mbili). Pinki na kijani usichanganye, dawa zake za kuzuia kutu hazipatani na nyingine zinafanya tope.

Kujazia ni kazi ndogo ila watu wanaungua kila siku kwa haraka. Gari likichemsha, zima injini, fungua boneti, kaa pembeni hata saa nzima, bonyeza ile hozi ya juu ya rejeta kwa kitambaa, kama bado ngumu na ya moto mfuniko usiuguse, mle ndani kuna presha na ukiachia tu yanaruka usoni. Likipoa kabisa weka tambara zito, zungusha taratibu mpaka kituo cha kwanza, sikiliza ile ssss iishe ndo umalizie. Maji baridi kwenye injini ya moto ndo kabisa usithubutu, silinda hedi (kile kichwa cha injini) inaweza kupasuka. Kama rejeta imejaa na ni kichupa cha pembeni tu kimeshuka, jazia hapo hapo, katikati ya LOW na FULL, usipitilize maana ikipata moto inatanuka.

Galoni lake kumimina shida, linamwaga, tafuta faneli. Na ukimwaga chini suuza na maji mengi, ni sumu na ina utamu flani, paka na mbwa wanailamba, watoto ndo usiseme.

Kitabu cha Toyota kinasema unabadili kwenye kilomita 160,000 halafu kila 80,000, ila gari la mtumba hujui lilitoka Japan na nini, mi nilimwaga yote nikaanza upya.

Kingine nilichopenda, ikivuja inajionyesha, inaacha ukoko wa pinki kama chaki. Chungulia kwenye wota pampu na maungio ya hozi, ukiuona hapo acha kujazia kila wiki, peleka gari kwa fundi.

Nyota 4. Ya 5 wangeipata dukani kwetu kungekuwa na chupa ndogo, nataka robo lita nalazimika kubeba galoni zima.