TAHADHARI: Seti ya kuunda roboti paka wa mezani, mwenzenu nimepigwa

Wadau, kama kuna mtu anataka kuagiza ile seti ya roboti paka wa kukaa mezani, ile ya video paka anajinyoosha mgongo, anazungusha masikio na kufuata kidole, shika hela yako kwanza. Mi nimeshalizwa.

Kosa langu ni kwamba ile video niliitazama kishabiki, sikuhesabu viungo. Masikio mawili, shingo, mkia, mgongo, miguu minne, hapo ni mota tisa na kuendelea, mzigo umekuja na nne!! Nikairudia taratibu nikaona mkia unapenya ndani ya kikombe kama jini, kumbe video ya AI, hakuna roboti pale.

Haya njoo kwenye mota sasa. Stika inasema MG90S, servo (mota ndogo inayogeuka hadi pembe unayoiambia) ya gia za chuma, hiyo ina gramu 13 hivi. Nikaipima: 9. Nikafungua skrubu za chini, gia plastiki tupu, yani ni SG90, servo ya gia za plastiki, imevalishwa nguo ya mwenzie. SG90 sio mbaya jamani, kwa sikio au mkia inatosha kabisa, ila muuzaji kaiweka shingoni ibebe kichwa kizito cha kuprinti kwa 3D, kikanyanyuliwa mara tatu meno ya gia yakanyofoka.

Betri ni 18650, saizi ya betri za lithiamu za mviringo, imeandikwa 9900mAh (uwezo wa kutunza chaji) wakati hata zile nzuri nzuri zinacheza kwenye 3500 hivi. Hii usiichukulie poa, lithiamu feki inaweza kukuwakia moto hapo hapo mezani.

Alafu umeme wa servo zote unatoka kwenye pini moja ya bodi inayoongoza roboti, zikicheza pamoja volti zinashuka, bodi inazima na kuwaka upya, paka anatetemeka kama ana degedege. Aliyewahi kuunda hata mmoja anajua servo zinapewa umeme wake pembeni, na bodi mnaunganisha graundi (waya wa hasi) tu.

Kabla ya kulipa mwombe muuzaji video ya paka huyo huyo kava likiwa wazi mota zionekane, pembeni kuwe na karatasi yenye jina lako. Mi nilimwomba nikiwa nimeshalipa, akasema kamera imeharibika. Nilivyomtumia picha ya gia akaniblok. Akaunti imebadilishwa jina, meza ni ile ile na kikombe kile kile, ila sasa hivi anauza mbwa.