Pikapu Mpya ya Turbo: Uipime kwa Daino au Barabarani?

Hilux ya dizeli ya lita 2.8 yenye nguvu za farasi 204 huzitoa kwenye injini. Zinazofika magurudumuni ni pungufu, na lazima uzijue kabla fundi hajagusa programu ya injini ili kuiongezea nguvu; bila kipimo cha awali, ahadi yake ya ongezeko huwezi kuihakiki. Njia ni mbili: barabarani, au kwenye daino, mashine inayopima nguvu za magurudumu gari likiwa limesimama.

Kwa gharama, barabara inashinda: kifaa cha GPS, simu, na kipande kirefu kilichonyooka kisicho na magari. Hesabu yake ni uzito mara mchapuko mara kasi, na hapo ndipo penye hatari ya kukosea. Mwinuko wa 1% tu, kwa gari la kilo 2,100 likienda kilomita 100 kwa saa, humeza farasi 7 hadi 8, na macho hayauoni. Pima pande zote mbili, tangi likiwa na mafuta kiasi kilekile.

Kwa uthabiti, daino iko mbele, mradi feni yake iwe na nguvu. Intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) ikipata moto, namba hushuka kila unaporudia. Omba pia namba ghafi, zisizofanyiwa marekebisho. Marekebisho ya hali ya hewa yaliyotungwa kwa injini zisizo na turbo yanaweza kuzidisha matokeo mahali pa juu kama Nairobi. Na usilinganishe daino mbili tofauti.

Unayelipia programu mpya na kutaka ushahidi, nenda kwenye daino kabla ya kazi, kisha urudi ileile baada yake. Uliye mbali na mji, unayetaka tu kujua kama gari limebadilika, barabara ileile asubuhi yenye ubaridi uleule inakutosha.