Kaunta buku ya kwaya 2 kama daftari la maombi na shukrani

Maduka ya vitabu vya Kikristo yana madaftari ya shukrani yaliyochapishwa tayari: jalada linalong'aa, aya ya kila siku, mistari mitatu ya "leo namshukuru Mungu kwa...", na mengine yana vinyuso vya kutia alama umefurahi kiasi gani. Ni zawadi nzuri. Kwa matumizi ya kila siku, kaunta buku ya kawaida ya kwaya 2 (kwaya hapa ni kipimo cha wingi wa kurasa, si waimbaji), ile ya wanafunzi wa sekondari, inayashinda, na si kwa bei tu.

Ugonjwa wa hayo yaliyochapishwa ni tarehe. Ukiruka siku nne kwa homa au msiba, ukirudi unakuta kurasa nne tupu zinakushtaki, na wengi huishia hapo. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba hayana mahali pa jibu. Umeomba Januari, Mungu amejibu Agosti: utaandika wapi?

Kwaya 2 ni kurasa 192. Zitie namba zote kabla hujaandika neno. Ukurasa wa 1 hadi wa 5 ni wa yaliyomo. Wa 6 hadi wa 139 ni wa maombi, kushoto ombi, kulia jibu, yakitazamana. Hizo ni jozi 67. Ukiweka maombi 5 kila ukurasa wa kushoto, unapata nafasi ya maombi 335. Kurasa 53 zinazobaki ni za shukrani, ukurasa mmoja kwa wiki, mistari 3 kwa siku.

Ombi liandikwe na tarehe, andiko unalolisimamia, na mpaka unaoonekana. "Mungu, tubariki" halitajibiwa kwa namna utakayoitambua. "Ada ya muhula wa pili ipatikane kabla shule haijafunguliwa" linajulikana limejibiwa au la. Mahitaji ya watu wengine yaandike kwa herufi za kwanza za majina, kwa sababu daftari husahaulika kanisani na siri ya mtu si yako. Upande wa kulia, "hapana" na "bado" nayo ni majibu, yape tarehe. George Müller, aliyefungua nyumba ya yatima Bristol, Uingereza, mwaka 1836, alitunza kumbukumbu za namna hii, na ndiyo maana habari za mahitaji yale na jinsi yalivyopatikana zinasomeka hadi leo.

Kwenye shukrani, watu huchoka kwa kurudia "asante kwa uzima" hadi maneno yanakauka. Dawa iko katika Zaburi 136. Aya zote 26 zina kiitikio kimoja, lakini kila aya inaleta jambo jipya, hata inawataja kwa majina Sihoni mfalme wa Waamori na Ogu mfalme wa Bashani. Basi taja: nani, wapi, nini. "Jirani alianua nguo zetu mvua ilipoanza" ni shukrani iliyoshiba.

Siku ya uchungu usijilazimishe kuandika tabasamu. Zaburi 13 inaanza kwa kuuliza "hata lini" na inamalizia kwa kuimba. Andika kilio chako kwanza, kwenye mistari hiyohiyo mitatu. Wafilipi 4:6 inaweka haja na shukrani katika sala moja, kwa hiyo usiogope kuchanganya.

Furaha hatuipi safu yake. Paulo aliwaagiza Wathesalonike wafurahi siku zote, waombe bila kukoma na washukuru kwa kila jambo wakati kanisa lile liko katika dhiki, na vinyuso vya kutia alama haviwezi kubeba agizo zito hivyo. Furaha hupata nafasi yake Jumapili: soma kurasa za kulia kwa sauti, pamoja na nyumba nzima, kisha imbeni pambio. Dakika 10 zinatosha. Anayeandika tu bila kusoma nyuma anapoteza sehemu tamu kuliko zote.

Sasa kasoro za bidhaa yenyewe. Kaunta buku za bei ya chini kabisa zina karatasi nyembamba, na kalamu ya jeli hupenya hadi upande wa pili. Tumia Bic ya kawaida. Usichane ukurasa: karatasi zimeshonwa kwa jozi, ukiitoa moja, mwenzake hulegea na kudondoka baadaye. Haina utepe wa kushikia mahali, basi gundisha wako nyuma ya jalada. Ya A4 ni kubwa kwa mkoba mdogo na haifai kwenye daladala. Beba kijitabu cha mfukoni, uhamishe jioni.

Dukani, ifungue katikati uone uzi, kisha bonyeza mgongo. Ukisikia gundi ikipasuka, omba nyingine. Ya kwaya 3 ina kurasa 288 na ni nzito. Inawafaa viongozi wa vikundi vya maombi, si anayeanza.