Ganuni ya Kituruki ya nyuzi 78: mambo ya kujua kabla hujalipa

Ganuni ni ala ya nyuzi nyingi zinazodonolewa. Zile zinazotoka kwenye karakana za Istanbul na İzmir kwa kawaida huwa na safu 26 za nyuzi tatu tatu, jumla nyuzi 78, na umbo lake ni dogo kuliko la ganuni ya Kimisri iliyozoeleka kwenye vikundi vya taarab. Tathmini hii ni ya ganuni ya daraja la kati, ile wanayopigia wanafunzi wa konsavatori (chuo cha muziki). Zile zilizojazwa sadafu kwa ajili ya watalii tuziache madukani. Kwa anayetaka kupiga kazi za watunzi wa Uturuki wa leo, ala hii haina mbadala. Mpiga taarab naye ataifurahia, lakini kwanza aiweke sawa, na kuiweka sawa ni kazi hasa.

Uzuri wake wote uko kwenye mandali, vile vijiti vya chuma vilivyopangwa chini ya nyuzi upande wa vigingi. Ukiinua mandali inaugusa uzi, inaufupisha, sauti inapanda. Ukiilaza, sauti inashuka. Ganuni ya Kiarabu kwa desturi hugawa nusu toni mara mbili, unapata robo toni na basi. Ya Kituruki siku hizi hugawa nusu toni moja vipande 6, yaani 72 kwa oktava nzima, ingawa nadharia inayofundishwa darasani huigawa toni moja vipande 9 vidogo viitwavyo koma. Safu za besi huwa na mandali chache zaidi, na hilo si kasoro ya fundi.

Msikilize mpiga ganuni na mtunzi Göksel Baktagir ndipo utajua kwa nini utitiri ule wa vyuma una kazi. Alizaliwa Kırklareli mwaka 1966, akasoma kwenye Konsavatori ya Taifa ya Muziki wa Kituruki iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Istanbul (İTÜ), kisha akaingia kwenye kundi la serikali la muziki wa Kituruki mjini humo. Ametunga saz semai nyingi, yaani vipande vya ala visivyo na uimbaji. Saz semai ina hane (sehemu) 4, tatu za kwanza kwa mapigo ya 10/8, na katikati ya hane makamu (mpangilio wa noti unaoongoza wimbo) inaweza kuhama na kurudi. Mkono wa kushoto unaacha kupiga, unainua mandali mbili tatu, unarudi kwenye nyuzi, na msikilizaji hasikii pengo. Kwa ganuni yenye mandali za robo toni tu, sehemu hizo utazipiga, lakini ladha yake itakuwa imekwenda. Hali ni hiyo hiyo ukitaka kufuatisha mpiga ganuni Aytaç Doğan wa kundi la Taksim Trio, au taksim (vipande vya kubuni papo hapo) alizoacha Halil Karaduman, aliyefariki mwaka 2012.

Mpiga ganuni wa Unguja au Mombasa aanzie kwenye makamu Rast. Kwa Waturuki, noti ya tatu hushuka hatua 1 tu ya mandali chini ya noti ya kawaida. Rast ya Kimisri, ambayo ndiyo iliyoingia kwenye taarab ya zamani, inataka hatua 3 hivi. Ukitumia mpangilio wa Kituruki mbele ya fidla na udi zilizozoea Misri, utasikika umepanda, na wenzako watadhani hujatyuni. Basi hesabu hatua kwa sikio, uweke alama ndogo ya wino pembeni ya mandali unazozitumia sana. Kikundi kikiwa na kinanda au akodiani, mambo yanakuwa mepesi: hatua za katikati unaziacha, unabaki na nusu toni kamili, alimradi hizo nusu toni ziwe sahihi. Zipime kwa tyuna ya simu, safu moja baada ya nyingine.

Mtego wa pili uko kwenye karatasi za noti. Uturuki noti huandikwa kwa desturi ya bolahenk: Sol iliyoandikwa husikika kama Re, yaani chini yake kwa umbali wa noti nne. Ukichukua semai ya Baktagir ukaisoma kama ilivyoandikwa, halafu ukapiga juu ya rekodi yenyewe, mtagongana tangu noti ya kwanza. Ala haina kosa lolote hapo. Hamisha noti kabla hujaanza mazoezi.

Sasa udhaifu wake, nao ni mkubwa kwa watu wa pwani. Daraja la nyuzi limesimama juu ya vipande vya ngozi, vinne au vitano. Ngozi hunywa unyevu. Wakati wa masika inalegea, daraja linazama kidogo, na nyuzi zote 78 zinashuka kwa pamoja. Ukiiingiza kwenye chumba chenye kiyoyozi ngozi inakaza, sauti inapanda tena. Kwa hiyo usiityuni mara tu unapoitoa kwenye kasha. Iache ukumbini izoee hewa ya pale kwanza, ndipo uanze. Ndani ya kasha weka pakiti za kunyonya unyevu, na usiiache kabisa kwenye gari lililoegeshwa juani. Wakati wa kubadilisha nyuzi, maliza safu moja ndipo uende ya pili. Ukizilegeza zote kwa mpigo, ngozi inakosa mzigo na daraja linahama mahali pake, na likihama hata kidogo, vipimo vya mandali vyote vinaharibika.

Ukifika Galip Dede Caddesi, ile barabara ya maduka ya ala pale Beyoğlu, usishawishike na muuzaji anayekupigia kipande kitamu. Kagua mwenyewe. Inua mandali moja, kisha donoa nyuzi tatu za safu hiyo, mmoja mmoja. Zote zitoe sauti ile ile. Uzi mmoja ukikwaruza, mandali imekaa mshazari. Ipige safu hiyo kwa nguvu: mandali iliyolegea italala yenyewe, nayo itakuangusha katikati ya wimbo. Tazama ngozi kwa mwanga wa pembeni utafute nyufa kwenye kingo. Geuza vigingi kadhaa kwa ufunguo. Kigingi kizuri hugeuka kwa uzito ule ule mwanzo hadi mwisho, na kinachorukaruka hakitashika sauti.

Ganuni hupigwa kwa vipande vyembamba vilivyobanwa na pete kwenye vidole viwili vya shahada. Tamer Pınarbaşı, Mturuki anayefanyia kazi zake New York, anatumia kucha za vidole vyote kumi, na wengi sasa wanajaribu kumfuata. Mtindo huo hauhitaji nyuzi nyembamba zaidi. Ukibadilisha unene wa nyuzi, mkazo unabadilika na hatua za mandali hazitakuwa pale fundi alipozipima. Agiza unene ule ule uliokuja nao.

Pamoja na ala, nunua seti nzima ya nyuzi za akiba, pete jozi mbili za saizi ya vidole vyako, na ufunguo wa pili. Matundu ya ufunguo hutofautiana kati ya fundi na fundi, kwa hiyo ujaribu kwenye vigingi vya ganuni yako kabla hujaondoka dukani.