Chronicling America: tanzia za kale za Marekani bila kulipa hata senti

Jamani wale mnaofuatilia koo za Marekani, iwe ni za wakwe au ni risachi ya chuo, msikimbilie kulipia saiti kabla hamjapita Chronicling America. Ni saiti ya magazeti ya kale ya Marekani, ya Library of Congress (maktaba kuu ya taifa lao) wakishirikiana na National Endowment for the Humanities (shirika la serikali yao), ipo tangu 2007, bure kabisa, hujisajili wala huingizi kadi, unachagua jimbo na mwaka, unasachi, ukurasa mzima wa gazeti unaushusha unabaki nao. Nyota nne.

Ila ukiandika jina tu ukasubiri mtu atokee utachoka. Tanzia za mwanzoni mwa miaka ya 1800 zilikuwa mistari miwili mitatu chini ya neno "Died", zimebanwa na harusi hapohapo, na mwanamke ndo kabisa, mara nyingi jina lake halipo, ni mke wa fulani basi. Sachi jina la mume pamoja na "consort" kama alikufa akiwa bado kwenye ndoa, au "relict" kama alikuwa mjane, hii ndo mbinu iliyonifungulia mengi kuliko zote.

Afu kuna herufi. Magazeti ya miaka ya 1700 yana s ndefu inayofanana na f, kompyuta inaisoma f, kwa hiyo Wilson anageuka Wilfon na Boston inakuwa Bofton. Yajaribu majina yote mawili.

Na usikwamie mji mmoja, maana wahariri walikuwa wananakiliana, mtu kafia Virginia tanzia yake unaikuta Philadelphia wiki kadhaa baadaye. Hata George Washington alifariki 14 Desemba 1799 na magazeti ya mbali yalikuwa bado yanaandika habari hiyo Januari.

Nyota ya tano nimeinyima kwa kinachoniuma, japo kosa ni la magazeti yenyewe. Watu weusi waliokuwa utumwani karibu huwaoni kwenye "Died", unawakuta kwenye matangazo ya kuuzwa na ya waliotoroka, umri na makovu vimeandikwa ila siku ya kufa hakuna aliyejali. Kama unatafuta weusi waliokuwa huru, hasa wa New York, pitia Freedom's Journal, gazeti la kwanza Marekani la watu weusi wenyewe, 1827 hadi 1829, hilo lilichapa harusi na vifo vyao, na Wisconsin Historical Society wameliweka mtandaoni bure.