Nyaya za monita pana: upi wa kununua Kariakoo, upi wa kuuacha

Karibu kila waya wa HDMI unaotundikwa dukani Kariakoo umeandikwa "4K". Kwa mwenye monita pana ya inchi 34, yenye nukta 3440 kwa 1440, maandishi hayo hayasaidii kitu. Hata HDMI 1.4, toleo la zamani, hupitisha 4K, ila kwa hezi 30 tu, yaani picha inabadilishwa mara 30 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo kishale cha mausi kinaburuta kama kina matope. Muulize muuzaji waya unabeba gigabiti ngapi kwa sekunde. Asipojua, soma ganda la waya wenyewe.

Ulioandikwa "High Speed" pekee hubeba 10.2. Kwa hesabu unafikisha hezi 60 kwenye skrini hii, lakini monita nyingi zenye tundu la HDMI 1.4 hukomea 50. Kwa kazi za uhasibu unatosha. "Premium High Speed" hubeba 18, nao unafika hezi 100. Kwa wengi huu ndio wa kuchukua. "Ultra High Speed" hubeba 48. Jina hilo lazima lichapwe kwenye waya, na boksi liwe na stika ya msimbo wa kuskani kwa simu. Stika ikikosekana, usilipe bei ya Ultra, hata winga aape vipi.

Urefu nao una neno. Mita 2 zinatosha mezani. Waya wa shaba wa mita 10, ule wa projekta za ukumbini, hufifisha mawimbi njiani: skrini inatoa chenga, inazima sekunde moja, inarudi. Watu huishia kumlaumu fundi au monita.

Ila kama kompyuta ina DisplayPort, tundu jingine la kutoa picha, achana na HDMI. DisplayPort 1.2 hubeba data gigabiti 17.28, hivyo hezi 100 inaimudu, ya 1.4 hubeba 25.92 na kufika 144. Hili linawahusu hasa wanaonunua desktopu za mtumba zenye Intel ya kizazi cha 6: HDMI ya kwenye ubao mkuu wa kompyuta ni 1.4, wakati DisplayPort iliyo pembeni yake ni 1.2. Tundu bora lipo, limefunikwa vumbi tu.

Kasoro ya DisplayPort za bei ya chee ni pini ya 20. Kwenye waya wa kawaida pini hiyo haitakiwi kuunganishwa kutoka kichwa hadi kichwa. Ikiunganishwa, umeme wa monita unarudi kwenye kompyuta, ambayo inaweza kugoma kuwaka. Fundi mwenye kifaa cha kupimia umeme anaipima kwa dakika moja.

Adapta ni mtego mwingine. Waya wa DisplayPort kwenda HDMI haufanyi kazi ukiugeuza. Kutoka HDMI kwenda DisplayPort kunahitaji kifaa chenye chipu, mara nyingi na mkia wa USB wa kukipa umeme. VGA, tundu la picha la kizamani, iache. Picha ikija ni 1920 kwa 1080 iliyovutwa, na duara linakuwa yai.

Kwa laptopu ya USB-C, waya wa chaja ya simu mara nyingi ni wa USB 2.0: unachaji bila kutoa picha. Tafuta wenye alama ya Thunderbolt au ulioandikwa kwamba unapitisha video, na hakikisha tundu la laptopu nalo linatoa picha.

Usilipe kabla ya kujaribu. Kwenye Windows fungua mipangilio ya onyesho, ingia sehemu ya kina, chagua hezi ya juu kabisa, acha video icheze dakika kumi huku ukitikisa vichwa vya waya taratibu. Hezi ya juu isipotokea kwenye orodha, usiutupe waya kwanza: ingia menyu ya monita yenyewe. Baadhi huwa zimewekwa DisplayPort 1.1, na kuibadilisha kuwa 1.2 au 1.4 ni kubonyeza kitufe mara mbili tatu.