TAHADHARI: Sensa za presha zenye lebo ya kubandikwa zinaua kompresa

Mafundi wenzangu wa pampu za joto, na ninyi mnaosimamia majengo yenye mashine hizi, tafadhali someni hili kabla hamjaagiza sensa mtandaoni kwa muuzaji anayewaambia "hii inaingia kila mashine". Mimi nimeshaingia mkenge, na aliyeumia zaidi ni mwenye jengo aliyeniamini.

Mashine yenyewe ni pampu kubwa ya gesi R410A, inapasha maji ya jengo zima. Sensa ya presha ya upande wa presha ndogo ilikufa, kontrola ikapiga alamu na kuzima kila kitu. Sensa iliyokuwapo ilikuwa ya bar 0 hadi 30, inapewa volti 5 na kutoa volti 0.5 hadi 4.5. Nikaagiza ya namna hiyohiyo. Muuzaji akanitumia picha ya lebo imeandikwa 0–30, na juu yake akaongeza video: sensa iko mezani, waya zimeunganishwa, mita inasoma volti 0.5. "Nzima kabisa hiyo, fundi," akasema. Ilipofika, meno yakakaa sawa, plagi ikaingia, alamu ikanyamaza. Nikakusanya vifaa nikaondoka.

Wiki ya tatu nikapigiwa simu. Kompresa, ile pampu inayobana gesi, inagonga kama imejazwa kokoto. Nilipofika, mwili wake chini ulikuwa baridi, umeloa umande, mahali ambapo siku zote ukigusa unahisi uvuguvugu. Nilijua hapohapo kwamba gesi inarudi ikiwa bado kimiminika. Saa chache baadaye ikakwama moja kwa moja.

Nikafungua ile sensa nikaifuta kwa kitambaa chenye spiriti. Lebo ikaanza kujikunja pembeni. Nikaivuta yote. Chini yake, kwenye chuma, kumechongwa 0–50.

Sasa naomba mnifuate vizuri, maana hapa ndipo wizi ulipojificha. Sensa ya 0–30 na ya 0–50, zote zikiwa mezani bila presha yoyote, zinatoa volti 0.5 ileile. Video ile haikuwa na ghiliba ndani yake hata kidogo. Ila alipima mahali pekee ambapo sensa sahihi na sensa isiyofaa zinasema neno moja. Zikipewa presha ndipo zinaachana. Kwenye bar 7 sensa yangu ilitoa volti 1.06, na kontrola, ikiamini inasoma sensa ya 30, ikahesabu bar 4.2.

R410A kwenye bar 7 za geji (saa ya kupimia presha) inachemka kwenye digrii 0 hivi. Kwenye bar 4.2 ingechemka karibu digrii 13 chini ya sifuri. Kontrola inachukua joto hilo la kuchemka, inalilinganisha na joto la bomba linalorudi kwenye kompresa, na tofauti yake ndiyo supahiti. Ikiwa ndogo, inabana vali ya upanuzi, ile inayopitisha kimiminika kwenda kuchemka. Ikiwa kubwa, inaifungua. Bomba langu lilikuwa na digrii 6, maana yake supahiti ya kweli ilikuwa 6, mahali pazuri kabisa. Kontrola ikaona 19. Ikafungua vali. Supahiti ya kweli ikashuka hadi 0, kimiminika kikaanza kupita kwenda kwenye kompresa, na kontrola bado inaona 13. Ikaendelea kufungua. Kimiminika kikaosha oili kwenye beringi siku baada ya siku, bila alamu hata moja, kwa sababu kwa macho ya kontrola mashine ilikuwa na njaa ya gesi.

Kosa langu mimi ni kwamba sikufunga geji kulinganisha. Kipimo chenyewe ni cha dakika tano: mashine ikiwa imezimwa na imetulia, soma presha kwenye geji, soma presha kwenye skrini ya kontrola. Sehemu yenye digrii 20, R410A iliyotulia inakaa kwenye bar 13.4 hivi. Sensa yangu ingeonyesha 8. Ningeona.

Muuzaji huyohuyo anauza pia sensa za joto za kiloomu 10 (ukinzani wa umeme unaobadilika na joto), na nimezipima baadaye kwa uchungu wangu. Mchezo ni uleule. Kwenye digrii 25 zote zinasoma kiloomu 10, kwa hiyo akikuonyesha mita chumbani utaridhika. Lakini kuna familia zaidi ya moja: kuna zinazosoma karibu kiloomu 27 kwenye digrii 0, na kuna zinazosoma karibu 32 na nusu. Ukichanganya, kontrola inakosea karibu digrii 4, na unapolenga supahiti ya 6, digrii 4 ni nyingi mno. Ponda barafu, tia maji kidogo, koroga, tumbukiza sensa, subiri itulie, kisha linganisha na jedwali la mtengenezaji wa mashine. Jedwali la muuzaji usiliguse.

Nilipomrudia, kwanza alisema nimejaza gesi kupita kiasi. Nilipomtumia picha ya lebo iliyobanduka, akanizuia nisimwandikie tena. Na kabla ya hapo, mashine ilipopiga alamu ya presha ya juu mara moja, ushauri wake ulikuwa niunganishe waya mbili za swichi ya presha "ili kazi iendelee". Tafadhali, asikudanganye mtu. Swichi ile kwa mashine za R410A mara nyingi huzima mashine presha ikifika karibu bar 42, na ikiondolewa, kitakachoachia presha ni vali ya usalama kama ipo, au bomba lenyewe kupasuka mbele ya uso wako.

Dalili za muuzaji wa aina hii: picha ya lebo tu, haonyeshi maandishi ya kwenye chuma, hataki kutaja namba ya kifaa cha mtengenezaji, hakuulizi unatumia gesi gani wala kontrola imewekwa kwa kipimo kipi, ushahidi wake wote umepimwa mezani.

Kama umeshafunga sensa ya namna hii na mashine inaendelea kufanya kazi, usitulizwe na ukimya wa alamu. Zima leo, acha presha itulie, funga geji, linganisha na skrini. Zikipishana, usiwashe tena kabla hujaibadilisha.